Deni la Miezi ya Njaa: Mikopo, Mavuno na Mafundisho ya Biblia Hanang na Mbulu

Mkopo wa matumizi ni ule ambao fedha yake huisha bila kuacha kitu cha kuulipa. Unga, sare ya shule, dawa, kitenge cha sherehe na simu mpya havilingani kwa umuhimu, lakini mbele ya deni vinafanana: marejesho yake lazima yatoke mahali pengine. Mkopo wa uzalishaji ni tofauti, kwa kuwa mbegu, plau ya kukokotwa na ng'ombe au cherehani huweza kuzaa fedha ya kujilipia. Hata huo hautoi uhakika kwamba fedha hiyo itapatikana siku ya marejesho. Katika Hirbadaw na vijiji vya jirani vya wilaya za Hanang na Mbulu, mkoani Manyara, tatizo la deni huanzia hasa kwenye kalenda.

Ukanda huu una msimu mmoja mkuu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuelekea ukingoni mwezi Mei. Mahindi huvunwa kuanzia Juni na Julai, na mbaazi hufuata Agosti na Septemba. Ghala la nyumbani huanza kupungua Januari, mwezi uleule shule zinapofunguliwa. Ada iliondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne mwaka 2016, na hadi kidato cha sita mwaka 2022, lakini sare, madaftari, chakula cha shuleni na nauli ya mtoto wa bweni bado vinamsubiri mzazi. Februari na Machi ni miezi ya palizi, ambapo nguvu nyingi zinahitajika na chakula ni kidogo. Fedha inatakiwa zaidi wakati haipo, kisha inakuja nyingi kwa mara moja.

Taasisi nyingi za mikopo, kwa upande wao, hudai marejesho ya kila wiki au kila mwezi. Ratiba hiyo inamfaa mwenye mshahara au mama anayeuza mboga kila siku. Kaya inayovuna mara moja kwa mwaka ikiifuata, itauza kuku ili kulipa wiki ya kwanza, kisha mbuzi, na kabla mahindi hayajatoa mbelewele itakuwa imefika kwa ng'ombe wa maziwa. Ndiyo sababu kaya yenye bidii, isiyo na ulevi wala anasa, inaweza kufilisika kwa deni dogo. Mahubiri yanayolaumu tamaa pekee hayaifikii kaya ya namna hiyo.

Deni la kijijini huvaa sura nyingi, na baadhi yake haziitwi deni. Mtu huchukua debe moja la mahindi Februari na kurudisha mawili Julai: hiyo ni riba ya asilimia 100 kwa miezi mitano. Mwingine huuza mazao yakiwa bado shambani. Tuseme mnunuzi ametoa shilingi 40,000 mwezi Machi kwa gunia litakalovunwa Julai, na Julai gunia likauzwa shilingi 70,000. Mkulima amelipa shilingi 30,000 kwa kutumia shilingi 40,000 kwa miezi minne, yaani asilimia 75, hata kama pande zote mbili zinasema ni biashara tu. Kagera mtindo huo kwenye kahawa unajulikana kama butura, na kule kusini kangomba ya korosho ina mambo yanayofanana nao. Mnunuzi akipima kwa lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza, gharama hupanda tena bila kuandikwa popote.

Sura nyingine ni za siku hizi. Simu hutolewa kwa malipo ya kila siku na kufungwa malipo yakichelewa. Paneli ya sola hulipiwa kidogo kidogo, na pikipiki hutolewa kwa mkataba unaomtaka kijana kupeleka hesabu kila siku hadi iwe yake. Mitandao ya simu nayo hukopesha kwa kubonyeza namba chache, na gharama yake huonekana ndogo kwa sababu muda ni mfupi. Huko Kenya, huduma ya M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayerudia mkopo kama huo kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa asilimia 90 ya kiasi alichokopa, na mwisho wa mwaka kiasi chenyewe bado anadaiwa.

Kisha kuna mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Walimu, wauguzi na watumishi wengine huiendea kwa sababu inatoka siku hiyohiyo. Dhamana yake mara nyingi ni kadi ya benki pamoja na namba ya siri, ili mkopeshaji achote mshahara kabla mwenyewe hajafika. Sheria inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Anayemkabidhi mtu kadi yake ameuvunja uzio huo kwa mkono wake mwenyewe, na amevunja pia masharti ya benki, ambayo hayaruhusu namba ya siri kupewa mtu mwingine.

Hesabu ya riba inafaa kufanywa kwa kalamu kabla ya kusaini chochote. Shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ikiwa riba isiyolipwa inaongezwa kwenye deni, huwa takribani shilingi 298,600 baada ya miezi 6 na shilingi 891,600 baada ya mwaka. Kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, hesabu hiyohiyo hutoa takribani shilingi 151,000 kwa mwaka. Jambo la pili la kuuliza ni riba inahesabiwa juu ya nini. Mkopo wa shilingi 600,000 wa miezi 6 kwa asilimia 3.5 unaotozwa juu ya kiasi chote cha awali una riba ya shilingi 126,000. Ukitozwa juu ya salio linalopungua kwa shilingi 100,000 kila mwezi, riba ni shilingi 73,500. Asilimia iliyotangazwa ni moja, lakini tofauti ni shilingi 52,500, ambazo kwa kaya ya mkulima ni sare za watoto. Ada ya fomu, bima ya mkopo, akiba ya lazima na faini ya kuchelewa vijumlishwe pia, kwa kuwa fedha inayokatwa kabla mkopo haujatoka ni sehemu ya bei yake.

Hatari ya mwisho ni bei ya soko. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi za Afrika Mashariki, iliweka ukomo wa mbaazi inazoagiza kutoka nje, na bei kwa wakulima wa Tanzania ikaporomoka. Manyara ni mkoa wa mbaazi. Aliyekuwa amekopa kwa kukadiria bei ya mwaka uliotangulia alijikuta na zao ghalani na deni ambalo zao hilo haliwezi kulifuta. Uamuzi uliofanyika New Delhi ulifika hadi kwenye ng'ombe wa mtu Hanang. Mkopo wa kilimo kwa hiyo usipimwe kwa bei nzuri iliyowahi kupatikana. Upimwe kwa bei mbaya ambayo wakulima bado wanaikumbuka.

Mafundisho ya Biblia kuhusu deni husomwa mara nyingi kana kwamba yameandikwa kwa ajili ya mkopaji peke yake. Mstari unaotajwa zaidi ni Mithali 22:7, unaomlinganisha mkopaji na mtumwa wa mkopeshaji, kisha Warumi 13:8 na Zaburi 37:21, ambayo inamhesabu asiyelipa pamoja na waovu. Yote hayo yamo na yana uzito wake. Lakini sheria ya Musa ilianza kwa kumfunga mkopeshaji. Kutoka 22:25-27 inakataza kumtoza riba maskini wa watu wa Mungu, na inaagiza kwamba vazi lililowekwa rehani lirudishwe kabla jua halijatua, kwa kuwa ndilo blanketi lake. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa dhamana, na aya za 10 hadi 13 za sura hiyo zinamtaka mkopeshaji asimame nje, asiingie nyumbani kwa mdaiwa kujichagulia kitu cha kuchukua.

Makatazo hayo yanahusu mambo yanayofanyika hadi leo. Jiwe la kusagia la mama lishe ni masufuria yake, la fundi ni cherehani, na la mkulima wa Hanang ni maksai na jembe. Kikundi au mkopeshaji anayebeba vitu hivyo siku ya marejesho anamwondolea mdaiwa njia ya kulipa na njia ya kula kwa wakati mmoja. Mwenye deni anayeweka vitu hivyo kuwa dhamana naye anakosea. Dhamana inayofaa ni ile ambayo kaya ikiipoteza bado inaweza kulima mwaka unaofuata.

Kisa kinacholingana zaidi na hali ya vijiji hivi kiko Nehemia sura ya 5. Wakati wa njaa, watu wa Yerusalemu waliweka mashamba, mizabibu na nyumba zao rehani ili wapate nafaka. Wengine walikopa ili kulipa kodi ya mfalme, na wengine walikuwa wameanza kutoa watoto wao utumwani. Waliowakopesha hawakuwa wageni. Walikuwa wakuu na viongozi wa taifa lilelile, waliomwabudu Mungu yuleyule na kujenga ukuta pamoja nao. Nehemia aliitisha mkutano mbele ya watu wote, akakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha fedha na nafaka, kisha akataka mashamba na nyumba zirudishwe siku hiyo pamoja na sehemu ya mia iliyokuwa ikitozwa. Wafasiri wengi huielewa sehemu hiyo kuwa asilimia 1 kwa mwezi. Kiasi kilichomkasirisha Nehemia ni kidogo kuliko karibu kila mkopo unaopatikana leo kijijini.

Hapa ndipo mafundisho haya yanapouma. Anayetoa debe moja Februari ili apokee mawili Julai mara nyingi ni jirani, na katika maeneo yenye waumini wengi wa Kanisa Katoliki, Jimbo la Mbulu, na wa KKKT, Dayosisi ya Mbulu, anaweza kuwa amekaa benchi moja na mdaiwa wake Jumapili. Pengine ni mzee wa kanisa au mfadhili wa ujenzi. Nabii Amosi, katika 2:8, anawashutumu watu waliojilaza kando ya madhabahu juu ya nguo walizochukua rehani, na katika 8:5 anawataja wanaopunguza kipimo na kudanganya kwa mizani. Sadaka inayotokana na njaa ya jirani ilikuwa tatizo la ibada tangu zamani hizo. Usharika au parokia inayotaka kufundisha kuhusu fedha ianze na wakopeshaji walio ndani yake. Bila hatua hiyo, semina za kuwafundisha maskini kuweka akiba zinabaki nusu ya kazi.

Je, riba yote ni dhambi? Historia ya kanisa haijajibu kwa sauti moja. Mtaguso wa Nikea mwaka 325 uliwakataza makasisi kukopesha kwa riba, na Martin Luther aliandika kwa ukali mwaka 1524 dhidi ya riba na ulanguzi. Upande wa pili, Kumbukumbu 23:19-20 iliruhusu riba kwa mgeni, na mfano wa talanta katika Mathayo 25:27 unataja fedha inayowekwa kwa watoa riba bila kuilaani. Makanisa mengi leo hutofautisha kati ya kushiriki faida ya biashara ya mtu na kujipatia faida kutokana na shida yake. Tofauti hiyo ina maana kubwa kijijini. Mkopo wa kununulia mbegu unaweza kulipiwa riba ya haki. Mkopo wa chakula cha miezi ya njaa, wa dawa au wa mazishi, kwa jirani na muumini mwenzako, uko ndani kabisa ya kile ambacho Kutoka 22 na Walawi 25:35-37 zinakataza.

Jibu moja la Kikristo kwa tatizo hili lilianzia kwa wakulima wa Ujerumani. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa mkuu wa mji wa Weyerbusch, aliona njaa ya 1846 na 1847 ikiwatupa wakulima mikononi mwa wakopeshaji. Alianza na chama cha kugawa unga na mkate, na mwaka 1864, huko Heddesdorf, akaanzisha chama cha mikopo ambacho wanachama wake walikuwa wakulima wenyewe waliodhaminiana. Alijifunza kwamba misaada ya matajiri hukauka, ilhali akiba ya wanachama hukua. SACCOS za Tanzania ni wajukuu wa wazo hilo. VICOBA vimetoka njia nyingine, kwenye vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, lakini msingi ni uleule: fedha ni ya watu wanaojuana, na riba inayolipwa inarudi kwao wakati wa kugawana.

Kikundi chema hata hivyo hujulikana kwa katiba na utaratibu wake, kwa kuwa urafiki pekee hautunzi fedha. Sanduku huwa na funguo tatu kwa watu watatu, hisa huhesabiwa mbele ya wote, na mfuko wa jamii wa kusaidia msiba na ugonjwa huwekwa mbali na mfuko wa mikopo. Kwa Hirbadaw, marekebisho mawili yanafaa kuongezwa. La kwanza ni kugawana mwezi Januari badala ya Desemba, ili fedha ikutane na shule na isiishie kwenye sherehe za Krismasi. La pili ni kuruhusu mkopo wa kilimo urudishwe kwa mkupuo mmoja baada ya mavuno, huku riba peke yake ikilipwa kila mwezi. Kikundi kinachong'ang'ania marejesho ya kila wiki kwa mkulima kinamtuma kwa kausha damu kutafuta fedha ya kukilipa.

Udhamini unahitaji tahadhari ya pekee, na Mithali inaurudia katika 6:1-5, 11:15 na 22:26-27. Katika mikopo ya vikundi kila mwanachama ni mdhamini wa wenzake, na wengi hulitambua hilo siku mmoja anapohama usiku. Kanuni iliyo salama ni kudhamini kiasi ambacho mtu yuko tayari kukilipa mwenyewe bila kuyumba. Ombi la shemeji au la mwana wa baba mdogo ni gumu kulikataa, lakini kumpa kiasi kidogo kama zawadi huharibu undugu kidogo kuliko kusaini deni lake lote.

Upande wa matumizi, mafundisho ya Luka 14:28, kuhusu anayekaa chini kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara, yanahitaji daftari. Kaya ihesabu mwaka kuanzia Julai hadi Juni, kwa kufuata mavuno. Kinachotengwa kwanza ni chakula cha miezi 12 kwa idadi ya walaji, kisha mbegu, kisha sadaka, kisha shule na matibabu, na kinachobaki ndicho cha kuuza na kutumia. Yosefu, katika Mwanzo 41:34, aliweka sehemu moja ya tano katika miaka ya neema. Kaya ndogo inaweza isifike hapo, lakini hata magunia mawili yaliyohifadhiwa kwenye mifuko ya kinga njaa, isiyopitisha hewa wala kuruhusu dumuzi kuishi, ni benki isiyotoza riba. Mahindi yaliyouzwa yote Julai, bei ikiwa chini, hununuliwa tena Februari kwa bei ya juu au hukopwa kwa mara mbili yake. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005, unaweza kusaidia pale unapofanya kazi vizuri, ila mkulima aulize mapema malipo huchukua siku ngapi, ili asilazimike kukopa wakati fedha yake iko njiani.

Sare na madaftari ya Januari yanunuliwe Agosti, fedha ya mavuno ikiwa bado mkononi. Bima ya afya ya kaya ikatwe msimu huohuo. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulikuwa ukitoza kaya ya watu hadi 6 shilingi 30,000 kwa mwaka, kiasi kidogo kikilinganishwa na ng'ombe anayeuzwa haraka mnadani Katesh au Haydom ili kulipia mgonjwa aliyelazwa. Ugonjwa na msiba ndivyo huwafikisha watu wengi waangalifu kwenye deni baya, na dawa yake ni kujiandaa kabla havijaja. Mwenye mifugo mingi naye afikirie kuuza mmoja au wawili kwa hiari mwezi Agosti, wakati wamenenepa, badala ya kuuza kwa shida Februari.

Sherehe zinastahili maneno ya wazi. Kipaimara, komunyo ya kwanza, harusi na kuagwa kwa bibi harusi vimekuwa na turubai, muziki na sare za kamati, na familia hukopa ili zisionekane nyuma. Waswahili walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Sakramenti na baraka hazina ada ya turubai, na wachungaji na mapadre wana uwezo mkubwa wa kupunguza mzigo huu kwa kuadhimisha kipaimara cha watoto wote kwa chakula kimoja cha pamoja kanisani. Pale hilo lilipofanyika, hakuna mtoto aliyepokea Roho Mtakatifu pungufu.

Fungu la kumi na ahadi za ujenzi huleta swali gumu zaidi: anayedaiwa atoe? Utoaji ni sehemu ya imani na mwenye deni hazuiwi kutoa. Lakini katika Marko 7:9-13 Yesu anawakemea waliotangaza mali kuwa wakfu ili wasiwatunze wazazi wao, na 1 Timotheo 5:8 inaweka matunzo ya nyumbani juu sana. Fedha iliyoahidiwa kurudishwa kwa mtu mwingine si ya mwenye kuishika. Kukopa ili kutimiza ahadi ya harambee ni kosa, na kiongozi anayesoma majina ya wasiomaliza ahadi mbele ya ibada anawasukuma watu kwenye kosa hilo.

Kwa aliyekwisha kuzama, kisa cha mjane katika 2 Wafalme 4:1-7 kina utaratibu unaoweza kufuatwa. Mumewe alikufa akiwa na deni, na mdai alikuja kuwachukua wanawe. Elisha alimuuliza kwanza ana nini nyumbani, kisha akamtuma kwa majirani kuazima vyombo. Mafuta yalipopatikana, aliambiwa auze, alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Vivyo hivyo leo, mume na mke huanza kwa kuandika madeni yote kwenye karatasi moja, hata yale ambayo mmoja alimficha mwenzake, kwa sababu deni la siri ndilo hukua haraka. Kila deni liandikiwe kiasi, riba, siku ya kulipa na dhamana. Lenye riba kubwa kuliko yote lianze kulipwa kwa nguvu zote huku mengine yakipewa kima cha chini. Kitu kisichozalisha, kama redio kubwa, simu ya bei au pikipiki isiyofanya kazi, kiuzwe kabla ya maksai. Mkopo mpya wa kulipa wa zamani ukubaliwe tu kama riba yake ni ndogo kwa hesabu iliyoandikwa, kwa mfano kuhama kutoka kausha damu kwenda SACCOS.

Mdaiwa aende kwa mdai kabla ya siku ya marejesho. Anayekuja mapema na karatasi ya mapato yake mara nyingi huongezewa muda. Anayezima simu huongezewa faini. Mzee wa kanisa, mwinjilisti au mwenyekiti wa jumuiya ndogo anaweza kusindikizana naye, na kilichokubaliwa kiandikwe na kutiwa saini na wote.

Kuna madeni yanayostahili kusamehewa, na Kumbukumbu 15:1-2 iliyaweka kwenye ratiba: kila mwaka wa saba. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliporomokea Katesh na vijiji vya karibu na kuua watu zaidi ya 80. Duka lililofukiwa huzikwa pamoja na bidhaa zake, lakini daftari la mkopeshaji hubaki salama. Vikundi, SACCOS na wakopeshaji Wakristo wa eneo hili wanapaswa kuwa na kifungu cha maafa katika katiba zao, kinachosimamisha riba na kuruhusu sehemu ya deni kufutwa, kilichopitishwa katika mwaka wa amani na si siku ya msiba. Parokia na sharika nazo zinaweza kutumia sadaka za sikukuu ya mavuno, ambazo mara nyingi huja kama mahindi na maharage, kuanzisha ghala la nafaka linalokopesha debe kwa debe. Gharama yake ni jengo kavu, daftari na watunzaji waaminifu, na ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuua biashara ya debe moja kwa mawili.

Sheria ya nchi inatoa kinga ambazo waumini wengi hawazitumii. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iligawa watoa huduma katika madaraja manne: mabenki na taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii. Wakopeshaji wa daraja la pili wanapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, ambayo imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Leseni iombwe kuonekana kabla ya kukopa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mkopeshaji anayewatumia jumbe za aibu watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa anaweza kushtakiwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi chini ya sheria ya 2022. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Hata isiyo na riba ni deni, na kikundi kizima hulibeba.

Kila malipo yapewe risiti au ujumbe wa simu usiofutwa, na mkataba usomwe wote mbele ya mtu wa tatu kabla ya saini. Deni likiisha, mdaiwa adai barua ya kumaliza mkopo, arudishiwe hati ya ardhi au kadi ya pikipiki siku hiyohiyo, na kama kadi ya benki ilikuwa imeshikwa, abadilishe namba ya siri kabla ya mshahara unaofuata. Malalamiko ambayo mkopeshaji hakuyajibu hupelekwa Benki Kuu, ambayo kwa ukanda wa kaskazini ina tawi Arusha, yakiambatana na nakala ya mkataba na risiti hizo.